Barua kwa mwanangu: ivue nguo ya kubana kifua ukiwa bado unaipenda

Mwanangu,

Nimeiona bandeji unayojifunga kifuani ili kionekane bapa. Sikuwa napekua, nilikuwa nakusanya nguo za kufua kabla hujafunga begi. Sitakuuliza kwa nini. Habari ya kifua chako na jinsi kinavyokusumbua nilishaisikia kwa shangazi yako, ambaye ulimwambia kabla yangu. Hilo limeniuma, ila tuliweke pembeni. Leo nataka tuzungumze bandeji tu, na ninaandika kwa sababu tukikaa uso kwa uso utaitikia "sawa mama" halafu utatoka nje.

Usiende nayo chuoni Dar. Bandeji ni ya kifundo cha mguu kilichoteguka. Ukiizungusha kifuani, kila unaposogea inazidi kujikaza, na mbavu zikitaka kufunguka upate pumzi haziachii. Unabaki kupumua nusunusu, na mbavu zinaweza kuumia. Tepu ya kubandika maboksi ndiyo usiiguse kabisa.

Najua kwa nini uliichagua. Haina lebo, haina mshono wa kwapani, haina ule mpira wa chini unaokukera. Habari ya sweta la shule unaijua, sitairudia; siku hizi ninapokumbuka nilivyokulazimisha, nakaa kimya. Nguo inayowasha mwili wako si deko, nimeshaelewa.

Kwa hiyo nimekaa na fundi wetu wa Majengo. Sikumweleza mambo yako, nilimwambia tu nataka kizibao cha kubana kifua. Kitambaa ni pamba yenye mvutiko kidogo. Mbele atakiweka mara mbili, mgongoni mara moja ili kifunguke unapovuta pumzi. Mishono yote itatazama nje, ndani kuwe laini. Nimechagua kifupi, kiishie juu ya tumbo, maana kirefu hujikunja kiunoni ukikaa na wewe mkunjo tumboni huuvumilii. Atakupima kwa futikamba kifuani na mabegani. Usimwambie apunguze! Kidogo kuliko kipimo hakikufanyi uwe bapa zaidi, kinakuumiza tu. Ukija kununua cha dukani, fuata vipimo vyao hivyo hivyo, na lebo uifumue uzi wake badala ya kuikata, kile kipande kinachobaki ndicho huchoma. Kifue kwanza kwa sabuni isiyo na harufu. Kama bado kinakuwasha, vaa singlendi nyepesi ya pamba ndani.

Sasa sikiliza, hapa ndipo ninapokosa usingizi. Wewe mguso mwepesi unakurusha, lakini ukibanwa vizuri unatulia, ndiyo maana lile blanketi zito hutaki liondoke kitandani hata na joto hili la Oktoba. Kizibao kitakutuliza. Utakipenda. Na mwili wako huchelewa kukupa habari. Hata njaa huisikii mpaka mikono inatetemeka. Mwenzako atasikia mbavu zinalalamika atavua, wewe utakuwa bado unaona raha. Usisubiri maumivu yakwambie. Weka kengele kwenye simu. Mwanzo saa moja au mbili, uzoee, na ukishazoea isizidi saa nane kwa siku. Kengele ikilia uvue, hata kama uko vizuri, hata kama wageni wapo. Usilale nacho. Usivae viwili. Usikimbie wala kucheza mpira nacho, siku hizo vaa sidiria ya michezo ya saizi yako. Na kizunguzungu, ganzi, pumzi fupi au kichomi kikija, hakuna cha kumalizia kipindi, nenda chooni uvue, na kisipoisha nenda zahanati ukaseme ukweli wa ulichovaa.

Halafu Dar si Dodoma. Hapa jua ni kali lakini hewa ni kavu, jasho linakauka. Kule utalowa kuanzia asubuhi. Nguo mbichi ya jasho ngozini wewe huiwezi, na vipele vya joto havikawii. Ndiyo maana anashona viwili: kimoja kinafuliwa kwa mkono na kuanikwa kivulini, jua huua mvutiko, kingine unavaa. Siku ambayo ngozi imegoma kabisa, usivae chochote cha kubana. Nimekuwekea mashati mawili mapana ya kitenge, maua makubwa na mifuko kifuani. Mtu akikutazama hawezi kujua umbo lililo ndani. Yale ya rangi nyepesi yanayoshika mwili nimeyatoa, usininunie.

Baba yako hajasema kitu. Amenunua begi jipya na amelikagua zipu zote, wewe unamjua. Tangu matokeo yatoke kila mteja anayekuja dukani anaambiwa umechaguliwa chuo, hata aliyekuja kununua kiberiti. Mimi pia nimejivuna, sioni haya kukwambia. Ila simu upokee. Treni ya umeme ipo tangu 2024, ni mwendo wa saa nne hivi, ukininyamazia nitakuja.

Karanga nimezikaanga bila chumvi, mlenda mkavu uko kwenye mfuko wa bluu, usiuchanganye na nguo. Tangi la nyuma linavuja tena; kabla hujaondoka msaidie mdogo wako kulishusha, peke yake hawezi. Na deni la umeme la mpangaji usilifuatilie, nitamalizana naye mwenyewe.

Kesho pita kwa fundi akupime kabla ya saa nane, baada ya hapo anakwenda msibani Kikuyu. Hela nimeshamlipa. Vikiwa tayari, ukivaa, inua mikono juu, vuta pumzi mpaka mwisho, kohoa, kaa chini, inama. Kikikukaba popote, kiachwe hapohapo akitanue. Bandeji niachie mezani, ina kazi kwenye goti la baba yako.

Mama yako