Barua kwa Rashidi: bisibisi za kuweka nyumbani

Temeke, Dar es Salaam

Ndugu yangu Rashidi,

Assalam aleikum. Hongera kwa kuhamia nyumba mpya huko Tanga, na shemeji mpe salamu zangu. Picha ya lile sanduku la bisibisi la vipande 115 unalotaka kununua imefika. Usilinunue. Karibu vyote humo ni vichwa vidogo vya kubadilisha, vingi ni vya skrubu ambazo hazimo nyumbani mwako, na vile vitatu vinne utakavyovihitaji kila mara ni vya chuma kilekile laini kama wenzake. Fedha hiyo iweke kwenye bisibisi saba zenye mipini yake. Ukizipata kwa seti, sawa. Ukizikusanya moja moja, sawa pia.

Saba zenyewe ni hizi. Bapa tatu: ya milimita 3, ya 5.5 na ya 6.5. Nyota mbili: PH1 na PH2 (PH ni alama ya nyota ya kawaida, namba ni ukubwa wake). Moja ya PZ2, ambayo nitakueleza mbele kwa sababu wauzaji wengi huichanganya na nyota ya kawaida. Ya saba iwe PH2 kibeti, yenye chuma kisichozidi sentimita 4, kwa ajili ya ndani ya kabati na chini ya sinki ambako ndefu haigeuki. Bapa ndogo ni ya skrubu zinazobana waya ndani ya soketi na swichi. Ya 5.5 ni ya vifuniko vya soketi na ya klipu ya mpira wa gesi (ukishaikaza, paka povu la sabuni pale uone kama linatoa mapovu kabla hujawasha jiko). Ya 6.5 ni ya milango ya zamani na skrubu kubwa za cherehani ya shemeji. PH1 hufungua plagi na vifuniko vya betri vya midoli. PH2 ndiyo itakayofanya kazi kuliko zote: bawaba, vitasa, mabano ya pazia, mabodi ya jipsamu.

Kwa hiyo kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu cha hali ya juu, iwe PH2. Wera na Wiha za Ujerumani, PB Swiss ya Uswisi na Vessel ya Japani ni za kufia nazo. Hizo nyingine zinaweza kuwa za chapa ya Ingco au Total na zikakufaa kabisa kwa kazi za nyumbani, ilimradi uzikague kabla ya kulipa.

Na ukaguzi unaanzia kwenye ncha. Rangi ya mpini, boksi zuri na maandishi ya Cr-V havikuambii kitu. Cr-V maana yake ni chuma chenye kromu na vanadi, na ni chuma kizuri kikipikwa sawasawa, yaani kuchomwa na kupozwa hadi kiwe kigumu, lakini kugonga herufi tatu kwenye chuma chochote hakuna gharama. Chuma kiitwacho S2 ni kigumu zaidi na hutumika sana kwenye vichwa vya kubadilisha. Ncha nzuri kwa kawaida huwa na ugumu wa kati ya HRC 52 na 60 (HRC ni kipimo cha ugumu wa chuma). Chini ya hapo inajikunja, na ikizidi sana inamenyeka vipande. Dukani hutapata kipimo hicho, lakini ukimwomba muuzaji akuruhusu kugusisha ncha kwa tupa ndogo, utaona: tupa ikiteleza au ikikwaruza kidogo tu, chuma kimepikwa. Ikichota unga kwa urahisi, irudishe kwenye rafu.

Ukikataliwa tupa, na wengi watakukatalia, tumia skrubu. Kabla hujatoka nyumbani funga kwenye karatasi skrubu moja ya bawaba, moja ya soketi, moja ya kabati na moja ya plagi. Chomeka PH2 kwenye skrubu ya bawaba, kisha ilaze bisibisi sambamba na sakafu. Ncha iliyochongwa vizuri huishika skrubu bila msaada wa sumaku, au angalau haichezi kushoto na kulia. Sumaku ni nzuri kwa kuokoa skrubu isianguke nyuma ya jiko, ila huficha ncha mbovu, hivyo pima mchezo wake kwa vidole, usitazame tu kama imening'inia. Kisha igeuzie kwenye mwanga. Mabawa manne ya nyota yawe na kingo kali na yalingane. Ncha nyeusi isiyo na mng'ao mara nyingi ni bora kuliko inayong'aa kama kijiko, kwa sababu kromu nene hubadilisha vipimo, na ikianza kuchubuka hukata vidole.

Bapa nayo ina mambo yake, na hapo watu hukosea kwa kupima upana peke yake. Unene ndio unaofanya kazi. Ya milimita 5.5 inatakiwa iwe na unene wa 1.0, ya 6.5 iwe 1.2, ya 3 iwe 0.5. Ncha nyembamba ndani ya mfuo mpana (mfuo ni ule mkato wa kichwa cha skrubu) hugusa kwenye pembe mbili tu, na ukiikaza inajipinda huku ikiumega mfuo. Tazama pia ubavuni: zile za bei ya chini huchongwa kama kabari, nene juu na kali mwisho, kwa hiyo kadiri unavyokaza zinapanda zenyewe kutoka kwenye mfuo. Nzuri ina pande zilizo sambamba pale mwisho. Upana wake usipite kichwa cha skrubu, la sivyo utakwangua kifuniko cha soketi.

Sasa PZ2. Skrubu ya nyota ya kawaida, ile ya PH, ilienea duniani kuanzia miaka ya 1930 kupitia Henry Phillips wa Portland, Marekani. Kuta za tundu lake zimeinama, na ndiyo maana ukikaza kwa nguvu bisibisi husukumwa nje. PZ ilikuja baadaye na kuta zake ziko karibu wima. Utaitambua kwa mistari minne midogo iliyochorwa kati ya mabawa ya msalaba, kwenye kichwa cha skrubu. Makabati ya kujiunganishia yenye asili ya Ulaya, reli za droo na bawaba za kabati hujaa skrubu hizi. PH2 inaingia ndani yake, na hapo ndipo mtego ulipo: inaingia lakini haijai, inayumba, na mara ya tatu ya kufungua kichwa kinakuwa shimo la mviringo. Kinyume chake pia ni kibaya, PZ2 haikai hadi chini kwenye skrubu ya PH. Muuzaji akikwambia zote ni nyota, mwonyeshe ile mistari.

Torx, zile za ncha sita kama ua, nunua siku utakapokutana nazo. Za simu na miwani ni seti ndogo ya pembeni, PH000, PH00 na bapa ya 1.4, na hazina haja ya kuwa za gharama.

Kuna imani kwamba bisibisi ndefu ina nguvu zaidi. Urefu wa chuma hauongezi nguvu ya kuzungusha, unakusaidia tu kusimama wima kwenye skrubu na kufika ndani. Nguvu inatoka kwenye unene wa mpini: mpini wa milimita 35 unakupa karibu mara mbili ya ule wa 20 kwa mkono uleule. Basi ushike mpini kabla ya kununua. Ujaze kiganja, uwe na pande ili usibingirike mezani, na usiteleze ukiwa na jasho. Shika chuma kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, zungusha kwa nguvu. Chuma kikisogea hata kidogo ndani ya plastiki, kitaachia kabisa siku ya kazi. Kisha bingirisha bisibisi juu ya kioo cha kaunta huku mpini ukining'inia nje ya ukingo. Ncha ikicheza juu chini, chuma kimepinda.

Wale wanaouza mpini mmoja wenye vichwa vya kubadilisha hawakudanganyi. Vichwa vikiwa na kitako cha pembe sita cha milimita 6.35, hicho ni kipimo cha kawaida, na vinaingia hata kwenye drili. Udhaifu wa mpini huo ni shingo nene. Skrubu za chini ya blenda na za ndani ya adapta zimezama kwenye vishimo virefu vyembamba, shingo inakwama mdomoni mwa kishimo, na ukilazimisha unarudi na mpini mtupu, kichwa kimebaki shimoni.

Kuhusu umeme niseme taratibu. Mpini wa plastiki si kinga. Bisibisi ya umeme ina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, pamoja na namba ya kiwango cha kimataifa, IEC 60900. Maana yake imejaribiwa kwa volti 10,000 ili uitumie hadi 1,000. Chuma chake kimefunikwa hadi karibu na ncha, na kifuniko hicho kimegandishwa. Ukikikuta kinazunguka au kinavutika kama soksi, ni mrija uliovishwa tu, achana nayo. Ile bapa ya milimita 3 na PH1 zinunue za aina hii moja kwa moja. Zile zenye chuma kinachopenya mpini mzima hadi kofia ya juu, za kugongea nyundo, zisikaribie soketi kamwe, kwa kuwa kofia hiyo imeungana na ncha. Na hata ukiwa na ya 1000 V, zima swichi kuu kwanza. Ndani ya boksi la breka mwachie fundi mwenye leseni.

Testa uliyonayo, ile bisibisi yenye taa ya kuonyesha umeme, iache iwe testa. Watu huikazia skrubu, plastiki yake inapasuka ndani bila kuonekana, na ndani mna kipingamkondo kimoja kidogo ndicho kinachokutenganisha na volti 230. Taa yake pia hukudanganya: juani huioni, na ukisimama kwenye meza ya mbao ukiwa umevaa viatu vya mpira inaweza kufifia ingawa waya una moto. Ijaribu kwanza kwenye soketi unayoijua iko hai, kisha pale unapotaka kufanya kazi, kisha urudi tena kwenye ile hai.

Skrubu ikikataa kufunguka, usianze kuzungusha. Chomeka bisibisi wima, gandamiza kwa uzito wa bega, kisha geuza polepole. Sukuma kuliko unavyozungusha. Ikiwa ina kutu, tia mafuta ya kulegeza, subiri nusu saa, weka ile ya kofia ya chuma na gonga nyundo mara mbili tatu, maana mtikisiko ndio unaovunja kutu kwenye nyuzi. Kichwa kikianza kulika, acha mara moja, weka kipande cha rababendi pana kati ya ncha na kichwa halafu gandamiza tena. Kikishakuwa shimo kabisa, kata mfuo mpya kwa msumeno wa chuma na utumie bapa ya 6.5.

Kwa upepo wa bahari wa huko kwenu kutu haitakusubiri. Zifute kwa kitambaa chenye matone ya mafuta ya cherehani kila unapomaliza, na usizifungie kwenye pochi ya nguo iliyolowa. Na usiitumie bapa kuwa tindo au wenzo wa kufungulia kopo la rangi, ncha ikishapinda hainyooki ikabaki na ugumu wake.

Ukija Dar nipigie siku moja kabla tupange kwenda Kariakoo asubuhi, kabla ya msongamano. Usisahau ile karatasi ya skrubu.

Ndugu yako,
Hamisi