YAH: Bibi yangu kukalishwa juu ya dumu ilhali kiti chake kimelipiwa

Kwa Meneja,
Kampuni ya Matembezi na Usafiri,
Kampala.

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa adabu, na naomba unisome hadi mwisho kwa adabu hiyohiyo, maana najijua, huko mbele itanipungukia.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu hapa Kampala. Jumamosi iliyopita tulisafiri nanyi kwenda Jinja na kurudi: mama, bibi, mdogo wangu wa miaka tisa, wenzangu wawili wa hosteli na mimi. Shilingi 85,000 kwa kichwa, jumla 510,000, zilizotumwa kwa simu siku nane kabla. Risiti ninayo. Masharti yenu sina haja ya kuwasomea, mmeyaandika wenyewe nyuma ya tiketi.

Lalamiko langu ni hili. Wakati wa kurudi gari lilisimama Najjembe, pale msitu wa Mabira. Nilimshika bibi mkono nikampeleka msalani. Hatukumaliza dakika kumi. Tuliporudi tukakuta viti namba 13 na 14, vyetu, vimekaliwa na watu tusiowajua, na njia ya katikati imejaa matenga ya kuku na gunia la makaa. Konda wenu alikuwa ameviuza kwa abiria wa barabarani. Nikamwonyesha tiketi, hakuitazama. Aliinama chini ya kiti cha dereva, akavuta dumu la njano la lita 20, akalilaza ubavu katikati ya njia, akalipiga kofi mara mbili kama mtu anayemwita mbuzi, akasema: "Jjajja," yaani bibi kwa Kiganda, "kaa hapa." Bibi akakaa. Ana miaka 72.

Hivyo ndivyo alivyosafiri kutoka Mabira, Lugazi, Mukono, Seeta, Bweyogerere, foleni yote ile ya Jumamosi jioni. Tuliondoka Najjembe saa kumi na mbili na nusu, tukashushwa saa tatu na nusu usiku. Tena hatukushushwa Wandegeya tulikopandia. Mlitushusha Nakawa, mkasema dereva amechoka.

Ya mchana nayapitia haraka, ingawa nayo yana deni lake. Boti ya kwenda kwenye chanzo cha Nile ilikuwa ndani ya bei. Tulipofika ukingoni tukadaiwa 10,000 kila mtu, nikalipa 60,000 bila karatasi, kwa sababu bibi alishatia mguu mmoja ndani ya boti. Kijana wenu wa kuongoza wageni alikaa nyuma akichezea simu. Mdogo wangu alimwuliza maporomoko yako wapi, akajibiwa "yaliisha". Yaliishaje? Mimi wa uhasibu ndiye nilimweleza mtoto kwamba Maporomoko ya Ripon, aliyoyakuta mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1862, yalizama bwawa la umeme la Owen lilipokamilika 1954. Hata mnara wa Speke ng'ambo ya pili hakuuonyesha. Kama kazi ya kuongoza wageni ni yangu, nilipeni.

Bibi hakulalamika. Aliichovya mikono majini akasema, "Haya maji ya kwetu. Yametutangulia." Sisi ni watu wa Misenyi, kule Kagera, Tanzania, na mto wa kwetu, Kagera, ndio unaomwaga maji mengi kuliko mito mingine yote katika Ziwa Viktoria, ambako Nile inaanzia. Alitaka chupa ndogo ayateke arudi nayo nyumbani, nikamnunulia maji ya dukani nikayamwaga. Alikuwa na furaha, Ndugu Meneja. Naomba ukumbuke hilo utakapofika kwenye dumu kwa mara ya pili.

Maana nilipiga simu ofisini kwenu Jumatatu. Nilipokelewa na dada mmoja, akanisikiliza, akaenda kuuliza, akarudi na jibu: "Konda anasema mzee alikubali mwenyewe kukaa pale."

Alikubali.

Basi nirudie, na safari hii nisikate kitu.

Konda alipopiga lile dumu, bibi aliniangalia mimi kwanza. Mimi nilikuwa na tiketi mbili mkononi na mdomo mkavu. Mama na mdogo wangu walikuwa kiti cha nyuma kabisa, matenga ya kuku kati yetu, hawawezi kupita. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba viti ni vyetu. Konda akacheka. Akamgeukia dereva akamwambia kwa Kiganda: mwache huyo mkimbizi akae chini, huko kwao Kongo anakaa wapi? Dereva naye akacheka. Walidhani anayesema Kiswahili hawezi kuelewa Kiganda. Bibi amekulia karibu na Mutukula, pale mpakani, Kiganda anakisikia tangu utotoni. Alielewa neno kwa neno.

Alifungua ncha ya kitenge chake, akalifuta lile dumu, lilikuwa na dizeli, akakaa. Kisha akamwambia konda, "Ahsante, baba."

Huko ndiko kukubali mnakokusema.

Kwa kuwa mmelitamka nyinyi, nikuelezeni mkimbizi ni nani. Oktoba 1978, askari wa Idi Amin walipovuka Mutukula, bibi alikimbia kwenda kusini na mjomba wangu mkubwa mgongoni, akavuka mto Kagera kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa. Hajawahi kutusimulia zaidi ya hapo. Safari hii ndiyo ya kwanza amekubali kuvuka mpaka kuja huku, na amekuja kwa sababu yangu, nimembembeleza mwaka mzima kwamba Uganda ni nyumbani, watu wake ni wakarimu. Na angekuwa ametoka Kongo kweli, je? Mkongo akilipa 85,000 hapati kiti?

Halafu hicho Kiswahili kinachowachekesha. Katiba ya nchi hii tangu 2005 imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Bango lenu pale Wandegeya limeandikwa "Karibuni". Nani aliwafundisha neno hilo?

Tulipokaribia kizuizi cha polisi Mukono konda alimgusa bibi begani: "Inama, jjajja, inama kidogo." Bibi yangu aliinamishwa kichwa gizani ili askari asihesabu abiria wa ziada. Hili sikulisema kwenye simu. Nililiona aibu kulisema. Sasa nalisema.

Mwenzangu wa Arua alipofika Lugazi alisimama ampe bibi kiti chake. Bibi alikataa. Alisema, "Nimeshakaa, mjukuu wangu." Ukimjua bibi utaelewa kwamba aliposema hivyo hakuna ambaye angemwinua, hata wewe. Mimi nilisimama pembeni yake nimeshika chuma cha juu, shingo imepinda, hadi Nakawa.

Na msinijibu kwamba ndivyo usafiri wa Uganda ulivyo. Wiki hiyohiyo tulizunguka Kampala nzima bila kampuni. Tulikwenda msikiti mkubwa wa Old Kampala, mdogo wangu akapanda ngazi zote za mnara, 304, bibi akimsubiri chini na walinzi wamemletea kiti bila kuombwa. Tulikwenda makaburi ya Kasubi, tukaona ile nyumba ya nyasi iliyoungua 2010 imesimama tena. Tulikwenda Entebbe kwenye bustani ya mimea kwa taksi ya kawaida, yaani daladala la huku, kutoka stendi ya zamani. Konda wa taksi, kijana amevaa ndala, alimwinua bibi kwa mikono miwili, akamweka kiti cha mbele, akawaambia abiria wasogee. Nauli elfu chache tu. Yeye hana ofisi wala bango, hana masharti nyuma ya tiketi.

Sasa ninachodai. Nilipoanza kuandika jana usiku nilikuwa nataka kitu kimoja, mrudishe 85,000 za kiti cha bibi. Nimesoma upya nilichoandika, nimebadili mawazo.

Mrudishe 510,000 zote, na 60,000 za boti, na 24,000 tulizolipa boda tatu kutoka Nakawa usiku ule. Jumla ni 594,000. Hesabu ndiyo fani yangu, msihangaike kuipunguza.

Konda na dereva waombe radhi. Radhi iandikwe kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya kampuni, imtaje bibi kama abiria wa kiti namba 14, na iseme wazi alikalishwa wapi. Msiniandikie "usumbufu uliojitokeza". Usumbufu haukujitokeza, ulivutwa kutoka chini ya kiti cha dereva. Bibi anarudi nyumbani Jumapili ijayo na nataka aondoke nayo mkononi, pamoja na chupa yake ya maji.

Fedha nazipa siku saba. Nilitaka kusema kumi na nne, lakini yule dada wa simu aliniambia "tutakupigia", na leo ni siku ya nne.

Zikipita, nitapeleka nakala ya barua hii Bodi ya Utalii ya Uganda, wanaowapa leseni, na nyingine kwa polisi wa usalama barabarani, nikitaja lile la Mukono na saa yake. Mwenzangu mwingine wa hosteli anasoma sheria. Ameshanieleza kwamba mahakama za hapa zina utaratibu wa madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10, na mtu anajisimamia mwenyewe bila wakili. Muda ninao. Likizo inaanza mwisho wa mwezi na sina mahali pengine pa kwenda matembezini.

Mkitaka kusema hayakutokea, jambo moja. Tuliposhuka Nakawa konda alikuwa anahangaika na matenga ya kuku, hakuona mdogo wangu ameshuka na nini. Lile dumu liko hosteli, chini ya kitanda changu. Namba ya gari lenu imeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, na alama ya kitenge cha bibi alipolifuta vumbi na dizeli bado inaonekana. Mkija na fedha na barua, mtalichukua. Msipokuja, nitalibeba mimi hadi mahakamani.

Wenu,
Abiria wa kiti namba 13