Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuko Wangapi Kilimanjaro?

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mliniachia swali moja: mkoa wetu una wagonjwa wangapi wa saratani ya tezi ya shingo? Nikadhani ni kazi ya wiki mbili. Leo nasimama mbele yenu sina namba, na kazi yote ya mwaka huu imo katika kueleza kwa nini.

Kwanza tulikuwa tunachanganya mambo mawili. Kuna wanaogundulika wapya kila mwaka, na kuna wote wanaoishi na ugonjwa, tukiwemo sisi tuliopasuliwa zamani na tunameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai. Kwa kuwa saratani hii mara nyingi hutibika, kundi la pili hukua hata la kwanza likisimama palepale. Anayepanga bajeti ya vidonge anahitaji hesabu ya pili. Anayeuliza kama ugonjwa unaongezeka anahitaji ya kwanza.

Kamati ilianza na madaftari ya maabara, maana ugonjwa huthibitishwa kwa kukatwa kinyama au kuvutwa chembe kwa sindano. Hapo tukakwama. Mama mmoja tulimkuta mara tatu: kwa jina la baba yake, la mumewe, na mara ya tatu kaandikwa "Mama" na jina la mwanawe wa kwanza. Halafu hospitali ya rufaa ya kanda hupokea watu wa Arusha, Manyara na Tanga, na wengine huvuka mpaka kutoka Loitokitok, Kenya. Ni wenzetu, ila si wa hesabu ya mkoa. Wa kwetu waliokwenda kutibiwa Dar es Salaam hatukuwaona kabisa.

Mtasema hayo ni makosa madogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,861,934 Kilimanjaro. Kwa idadi hiyo, wakisahaulika wagonjwa 19 tu, kiwango kinashuka kwa mtu mmoja katika kila 100,000. Mjumbe wetu mmoja alikuwa ameshagawanya kwa sensa ya 2012, yenye watu 1,640,087. Kiwango chake kikavimba kwa zaidi ya asilimia 13 bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka!

Kisha kuna rovu, yaani uvimbe wa tezi hii shingoni. Tunao bibi na babu wa milimani waliolibeba tangu kabla sheria haijataka chumvi itiwe madini joto, miaka ya 1990. Mengi si saratani, lakini saratani huweza kujificha humo, na asiyepimwa hahesabiwi.

Ndiyo maana wengine walipendekeza tupeleke ultrasaundi vijijini tupime kila shingo. Nilipinga, na bado napinga. Korea Kusini walipoanza kupima watu wasio na dalili, wagonjwa wapya wa 2011 walifika takriban mara 15 ya wale wa 1993, na vifo havikubadilika. Finland, mwaka 1985, watafiti waliochunguza maiti 101 walikuta vijisaratani vya tezi hii katika zaidi ya theluthi. Vingi vidogo mno kumsumbua mtu maishani. Tungepata namba kubwa, kweli, pamoja na foleni ya watu wa kupasuliwa bure.

Tunachoomba mkutano uidhinishe ni kidogo zaidi. Tuziombe hospitali ziandike namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kata anayoishi mgonjwa, si anuani ya ndugu aliyemleta. Tujumlishe miaka mitatu badala ya mmoja, kwa sababu ugonjwa huu ni wa nadra na mwaka mmoja hupotosha. Na tutenganishe hesabu kwa umri na kwa jinsia: wanawake huupata takriban mara tatu ya wanaume, na vijana wetu wengi wamehamia mijini, wakatuachia mkoa wenye wazee wengi.

Gharama za nauli na kunakili madaftari atazisoma mweka hazina. Wajumbe wawili wa kamati wamemaliza muda wao. Majina ya kuwarithi yafike mezani kwa katibu kabla ya chakula cha mchana.