Gita Jipya, Jina la Zamani: Barua kwa Wakala Aliyeniuzia

Kayole, Nairobi
24 Februari 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: GITA LA UMEME LA TOLEO JIPYA NILILONUNUA DUKANI KWENU TAREHE 11 JANUARI 2025

Mimi ni mpiga gita la solo wa bendi ya benga, muziki wa magita uliotoka kwa Waluo. Tunapiga harusi, matanga, na Ijumaa usiku kwenye kilabu kimoja cha Thika Road. Gita langu la kwanza la kampuni mnayoiwakilisha nililinunua kwenu mwaka 2009, jeusi, na lingali linalia vizuri mpaka leo, ila freti, vile vyuma vya kukatisha shingo, zimeliwa na nyuzi hadi zikaota mabonde. Ndiyo sababu Januari nilirudi kwenu. Sikuja kutafuta gita jipya, nilikuja kutafuta lile lile.

Kijana wenu wa kaunta akaniambia, "Mzee, hii ni ile ile, imeboreshwa tu." Nikamwamini, maana jina lililoandikwa kichwani ni lile, umbo ni lile, hata weusi ni ule ule. Nililipa shilingi 94,000, na 60,000 kati ya hizo ni mkopo wa chama ambao bado naulipa. Amplifaya ya kujaribia ilikuwa imeharibika siku hiyo, kwa hiyo nililipiga kavu, bila umeme. Hapo nakubali nina kosa langu. Mtu aliyepiga gita miaka yote hii hanunui la umeme kabla ya kulisikia kwenye spika, lakini hela ya chama ikikaa mfukoni inawasha.

Tarehe 18 tukawa na harusi Ruai. Wimbo wa pili haujafika katikati, mwimbaji wetu akafunika maikrofoni kwa kiganja, akanigeukia: "Omera, gita lako lina mafua?"

Na kweli lilikuwa na mafua. Nilizungusha toni hadi mwisho, nikapandisha trebo ya amplifaya hadi spika ikaanza kukwaruza, sauti ikabaki nzito, imeziba pua. Kwa mpiga roki pengine hiyo ni sifa. Kwa benga ni msiba. Solo ya benga haimsindikizi mwimbaji, inamjibu. Wazee walioianzisha waliichukua nyatiti, ala ya jadi ya Waluo yenye nyuzi nane, wakaihamishia kwenye gita, na hadi leo tunapiga juu kabisa ya shingo, noti zikifukuzana, kila moja ikitakiwa kukatika kabla inayofuata haijafika. Zikinenepa zinashikana, halafu besi inaziingilia kutoka chini, na wanaocheza wanabaki na uji.

Nililipeleka kwa fundi wangu wa Luthuli Avenue. Akafungua skrubu, akainua ile plastiki nyeupe, akazigeuza pikapu (nasema pikapu za gita, zinazonasa sauti chini ya nyuzi, si zile za kubebea kabichi kutoka Kinangop). Za gita langu la 2009 zina koili moja ya waya uliosokotwa kila moja, na mita yake ya kupima ukinzani wa waya ilisoma kama kiloomu 6. Hizi mpya zina koili mbili zilizopandishwa moja juu ya nyingine, mita ikasoma zaidi ya 11. Waya ukiwa mwingi namna hiyo, sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza. Fundi hakuhitaji hata kuliunganisha na spika. "Hili wamelitengenezea watu wengine," akasema.

Najua kwa nini mmefanya hivyo. Pikapu ya koili moja inaokota mvumo wa umeme, ule wa mara 50 kwa sekunde ambao stima yetu huimba mchana na usiku, na kwenye ukumbi ambao waya wa ardhi umekatika inavuma kama mzinga wa nyuki. Dawa yake ni ya tangu mwaka 1955, Seth Lover wa Gibson alipobuni pikapu ya koili mbili zinazofutiana mvumo. Sina ugomvi na dawa hiyo. Vijana wawili ninaowafahamu, wanaopiga makanisani, wamelinunua toleo hili jipya na wanalifurahia sana, kwa sababu mchungaji akinyamaza ili watu waombe, gita nalo linanyamaza.

Lakini toleo la zamani lilikuwa limeshatatua jambo hilo kwa ajili yetu. Pikapu yake ya katikati ilisokotwa kinyume na zile mbili za kandoni. Ukiweka swichi ya kuchagua pikapu kwenye nafasi ya pili au ya nne, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja, mvumo unafutika, na sauti inabaki nyembamba kama wembe. Wapiga solo wengi ninaowajua wanaishi kwenye nafasi hizo mbili, na mkitazama gita langu la zamani mtaona swichi imelegea hapo hapo tu. Mmetibu ugonjwa ambao hatukuwa nao, na dawa imetuua masikio.

Sipigi kelele peke yangu. Jumapili iliyopita tulikaa wapiga gita saba kwenye kibanda cha chai, karibu na tunapofanyia mazoezi, tukapokezana gita hili kwenye amplifaya moja. Hatukukubaliana, na nisingependa kuwadanganya kwamba tulikubaliana. Mmoja, anayepiga rumba, aliipenda shingo mpya kwa kuwa imekuwa bapa zaidi na haichoshi kidole gumba. Mwingine alisema vifungio vya nyuzi ni bora kuliko vya zamani, na hilo hata mimi nalikiri: gita halipotezi sauti usiku kucha. Wa ridhimu hakuona tofauti yoyote, lakini huyo hata ukimpa sufuria yenye nyuzi atashukuru. Kwenye solo, watano kati ya saba walilirudisha kabla ya kumaliza wimbo mmoja.

Malalamiko yangu ya pili ni ya mkono. Ubao wa vidole wa gita la zamani ni rozwudi, mbao ngumu ya rangi nzito. Wa hili jipya ni mbao nyingine, nyepesi, yenye vitundu vinavyoonekana kwa macho, na ilikuja kavu kama biskuti. Kama mliogopa ile sheria ya Januari 2017 iliyobana biashara ya kimataifa ya jamii yote ya rozwudi, hata mpingo wetu ukiwamo, basi mnajua kuwa ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kizuizi hicho mwishoni mwa Novemba 2019. Kama sababu ni gharama, semeni ni gharama. Bei yenyewe haikushuka.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari hewa yetu ni kavu. Mbao hunywea, chuma hakinywei. Wiki ya tatu tu, ncha za freti zilikuwa zimechomoza kandoni mwa shingo kama meno ya msumeno. Ukiteremsha mkono kutoka freti ya 15 hadi ya 5, zinaukwaruza chini ya kidole cha shahada, pale ngozi ilipo laini. Usiku wa tarehe 7 Februari niliona alama nyekundu kwenye ile plastiki nyeupe, nikadhani ni soda ya mtu. Ilikuwa damu yangu. Fundi amezipiga tupa kwa shilingi 2,500, risiti yake nimeiambatisha. Mbao iliyokaushwa ipasavyo kiwandani haifanyi hivyo kabla ya mwezi kuisha.

Nilipopiga simu kwenu tarehe 10, mhudumu aliniambia dhamana haihusu "mapendeleo ya sauti". Bwana Meneja, kama ningenunua kitunguu nikafungiwa karafuu, hayo yangekuwa mapendeleo ya ladha? Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike na alichonunua. Boksi lilikuwa na maneno matatu tu kuhusu mabadiliko yote haya: "Sasa bora zaidi". Neno koili halimo, wala neno mbao.

Ninaomba mlichukue gita hili na kunirudishia shilingi 94,000 pamoja na 2,500 za fundi. Kama hilo haliwezekani, nileteeni seti ya pikapu za koili moja za toleo lililopita, ya katikati ikiwa imesokotwa kinyume, mzifunge kwa gharama zenu, nami nitabaki na gita. Na kwa faida ya wanaokuja nyuma yangu, tengenezeni amplifaya ya kujaribia, halafu mwandikieni yule kijana karatasi moja ya kumwambia mteja kilichobadilika. Simlaumu yeye. Alisema alichoambiwa aseme.

Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 14. Likikosa, nitapeleka nakala ya barua hii kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Gita liko kwenye boksi lake, nyuzi nimezilegeza, risiti iko ndani. Tarehe 8 Machi tuna harusi nyingine Kasarani, na nitakwenda na lile la mabonde.

Mteja wenu,
Mpiga solo, Kayole