Sahibu, mwambie mwanao jibu ni hapana

Ngomeni

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, huku sote wazima. Mamako nilimpitia Ijumaa baada ya swala. Anatembea vizuri kuliko mwezi uliopita, na anauliza utakuja lini. Nimemwambia Desemba.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mwanao anakuuliza kama tukipata chombo kinachokwenda kwa kasi ya nuru tutafika kila mahali ulimwenguni, nawe unamjibu, "Kila mahali, mwanangu, ni subira tu." Ningeweza kukujibu kwa sauti vilevile, lakini jambo hili nimelibeba moyoni miaka mingi, halienei katika dakika mbili. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jibu ulilompa ndilo tulilopeana mimi na wewe Machi 1988. Unakumbuka. Tulikaa juu ya ule mtumbwi wa babu uliofudikizwa ufukweni, tukaona moto ukipanda angani kutoka San Marco, lile jukwaa la Waitalia la kurushia roketi baharini, mpaka ukawa nukta, mpaka ukapotea. Hatukujua kwamba Waitalia hawatarusha roketi nyingine pale. Uliniambia tutafika kote, mimi nahodha, wewe fundi wa mitambo. Nililiamini neno lile kama ninavyoamini maji kupwa na kujaa. Leo mimi ni mwalimu wa fizikia, kazi niliyoifanya miaka ishirini, na ninakuandikia kukwambia kwamba si kweli, na kwamba mtoto ana haki ya kuujua ukweli wenyewe, maana ni mkubwa kuliko ile ahadi yetu.

Habari ya mwili nitaipitia haraka. Valeri Polyakov, daktari wa Urusi, alikaa katika Mir, kituo cha angani, siku 437 mfululizo, kuanzia Januari 1994 hadi Machi 1995, na aliposhuka alitembea kwa miguu yake. Mifupa hupungua, mionzi huudhuru mwili, upweke nao una yake. Hayo yote ni kazi ya mafundi na madaktari, na mafundi na madaktari wanazaliwa kila siku.

Mwendo nao ni mgumu zaidi. Voyager 1, chombo cha Wamarekani kisicho na mtu, iliondoka Septemba 1977, na inakwenda kilomita 17 kila sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Mombasa ukafika Malindi kwa sekunde saba. Imekimbia hivyo karibu miaka 50, na umbali wote ilioukata nuru huumaliza kwa takriban siku moja. Nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka 4.24 ya nuru, yaani umbali ambao nuru huukata kwa miaka 4.24. Chombo chenye mwendo wa Voyager kingehitaji miaka kama 75,000 kufika huko. (Ndani ya Voyager mna santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za watu wa dunia kwa lugha 55. Kiluganda kimo. Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo, na jambo hilo limeniuma tangu siku niliyolijua.)

Lakini mwanao hakuuliza habari za Voyager. Ameuliza kuhusu kasi ya nuru, na swali lake ni la haki, kwa sababu hapo Einstein alitufungulia mlango wa ajabu. Ukikaribia kasi ya nuru, saa yako hupunguza mwendo ukilinganisha na saa za uliowaacha nyumbani. Chukua chombo kinachoongeza kasi bila kupumzika, kwa nguvu ileile inayokufanya uhisi uzito wako hapa duniani: nusu ya njia kinakazana, nusu ya pili kinapunguza. Abiria wake angefika Andromeda, galaksi (yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota) iliyo miaka milioni 2.5 ya nuru kutoka hapa, akiwa amezeeka miaka kama 29 tu. Angeondoka kijana akafika mtu mzima mwenye mvi chache. Huku nyumbani ingekuwa imepita miaka milioni 2.5. Mafuta yake hayapatikani: hata kama kila chembe ya mafuta ingegeuka nuru bila kupotea, kila kilo moja ya mzigo ingedai tani zaidi ya bilioni 6 za mafuta. Hata hivyo sheria za maumbile zinasema safari hiyo si muhali. Nami nilipokuwa chuoni nilikomea hapa, nikasema, basi, sahibu yangu alikuwa na haki, ni subira tu.

Ukuta wenyewe uko mbele ya hapo.

Mkumbuke shangazi yangu akishona mikeka barazani, ukili kwa ukili. Sasa fikiria mkeka ambao hauongezwi pembeni. Kila penye mshono panaingizwa ukili mpya, mkeka mzima kwa wakati mmoja. Sisimizi yuko juu yake, anatafuta tende. Tende iliyo mishono miwili mbele yake inasogea mbali kwa kili mbili. Tende iliyo mishono mia inasogea kwa kili mia, kwa muda uleule. Hakuna tende iliyotembea. Na hakuna mahali palipo katikati: sisimizi aliye kando ya tende ya mbali naye anaona yeye ndiye ametulia na wewe ndiye unayemkimbia. Mdudu ana miguu mizuri. Lakini ipo tende ambayo kati yake na yeye mishono ni mingi kiasi kwamba kili zinaingia upesi kuliko anavyozimaliza.

Hivyo ndivyo mbingu zilivyo. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alilipigia hesabu mwaka 1927, na mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vya galaksi vinavyoonyesha hivyohivyo: kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyotuacha kwa kasi zaidi. Kwa vipimo vya siku hizi, kila miaka milioni 3.26 ya nuru inaongeza takriban kilomita 70 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe. Ukifika umbali wa miaka kama bilioni 14 ya nuru, mwendo wa kuachana umefikia kasi ya nuru. Einstein hajavunjiwa sheria yake, kwa kuwa hakuna kilichompita mwenzake njiani. Ni mkeka unaoongezeka.

Ingekuwa hayo tu, bado jibu lako lingeweza kusimama. Wataalamu wengi walitarajia kwamba uvutano wa maada yote iliyomo utapunguza ule upanuzi wa ulimwengu polepole, kama jahazi lililoteremsha tanga. Mkeka ungechoka, mdudu angefika. Kisha mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, moja la Saul Perlmutter, jingine la Brian Schmidt na Adam Riess, walipima nuru ya nyota zilizolipuka mbali sana, wakakuta zimefifia kuliko ilivyotarajiwa, yaani ziko mbali zaidi. Upanuzi haupungui. Unaongeza mwendo. Wakapewa Nobeli mwaka 2011, na kile kinachousukuma kikapewa jina la nishati ya giza. Siku niliyoelewa maana ya jambo hilo nilifunga kitabu nikatoka nje, nikatembea hadi pwani, nikakaa pale pale palipokuwa mtumbwi. Maana yake, sahibu, ni kwamba subira haimfikishi mdudu. Kila anapongoja, subira ndiyo inayommaliza.

Uko mpaka, ng'ambo kidogo ya pale mwendo wa kuachana unapofikia kasi ya nuru. Kwa leo uko umbali wa miaka bilioni 16 na ushei ya nuru. Kilicho ng'ambo yake, mwale wa nuru ukiondoka hapa Ngomeni usiku huu hautakifikia milele, seuze chombo chenye watu. Na ulimwengu ambao nuru yake imeshatufikia unaenda hadi miaka bilioni 46 ya nuru kila upande. Linganisha ujazo wa matufe hayo mawili, utakuta katika kila galaksi kumi, zaidi ya tisa zimeshatoka mikononi mwetu. Zimeshatoka kabla binadamu hajazaliwa. Na nyingine zinauvuka mpaka huo hata sasa, unaposoma barua hii.

Darubini ya James Webb imepiga picha ya galaksi moja iitwayo JADES-GS-z14-0. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 13 hadi kutufikia, na katika muda huo mkeka umeongezeka mno, hata galaksi yenyewe sasa iko miaka kama bilioni 34 ya nuru. Tunaiona. Imo kwenye picha, mwanao anaweza kuiweka kwenye simu yake. Na hakuna atakayefika.

Nilitafuta muda mrefu namna ya kulielewa hilo, mwisho nikalipata nyumbani kwenu. Babako alipokuwa baharia, barua zake zilifika hapa miezi miwili baada ya kuandikwa. Mamako aliniita nisome, kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu na wewe ulikuwa huna utulivu. Barua ya Karachi ilipofika, yeye alikuwa keshaondoka Karachi. Tukaandika jibu, tukalipeleka posta Malindi, na baada ya miezi likarudi limepigwa mhuri kwamba mwenyewe hayupo. Nakumbuka mamako alivyoishika ile bahasha. Sauti ya mumewe ilikuwa imemfikia, yake haikumfikia mumewe. Nuru ya zile galaksi ni barua za namna hiyo. Zinafika kila usiku, zinazidi kufifia na kuwa nyekundu, na sisi hatuna anwani ya kujibu.

Usidhani kila kitu kinaachana. Mkeka huu una mahali ambapo uzi umekazwa, ukili mpya hauingii. Uvutano ndio uzi wenyewe. Mwili wako hautanuki, wala Dunia, wala Njia Nyeupe, galaksi yetu. Andromeda haituachi kamwe, inakuja kwetu, kilomita kama 110 kwa sekunde. Yapo pia Magellan mawili, zile galaksi ndogo za kusini zionekanazo kama mawingu, na Triangulum, na galaksi nyingine ndogo ndogo kadhaa. Hicho ndicho kisiwa chetu. Na si kidogo: nyota zake ni zaidi ya bilioni elfu moja. Vizazi vyote vitakavyozaliwa havitamaliza kuzitembelea.

Nje ya kisiwa kuna bahari inayotanuka. Kundi kubwa la galaksi lililo karibu nasi ni la Virgo, miaka kama milioni 54 ya nuru, na lenyewe linazidi kutuacha kwa kilomita kama 1,000 kila sekunde. Nalitaja Virgo kwa makusudi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, palirushwa kutoka San Marco, pale pale mbele ya kijiji chetu, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru. Hilo ndilo jina lake katika vitabu vyote vya elimu hiyo, neno letu. Ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi kama Virgo yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, imetanda kati ya galaksi na galaksi. Hakuna mtu aliyekwenda, na pengine hakuna atakayekwenda. Lakini ukweli wa Virgo ulifika duniani kupitia bahari ambayo babu zetu walivulia changu na tasi.

Kwa hiyo usimwambie mtoto tutafika kila mahali. Mwambie hapana. Mwambie pana kisiwa, na kisiwa ni kikubwa, na kazi ya kukitembelea ni ya watu kama yeye. Kisha mwambie kwamba sehemu iliyobaki, iliyo kubwa kuliko zote, safari yake ni macho peke yake, na hata hayo macho yamewekewa muda. Upanuzi ukiendelea kama hesabu za sasa zinavyoonyesha, baada ya miaka kama bilioni 100 atakayekuwa juu ya kisiwa hiki hataona galaksi yoyote nje yake. Nuru ya nyingine itakuwa imenyooshwa mpaka haina kitu. Atatazama kwa darubini bora kuliko Webb, na ataona giza, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba palikuwa na wengine. Mimi kila nikilifikiria hilo naona haraka ya kutazama. Picha zinazopigwa sasa hivi ni za ndugu waliokwisha kupanda merikebu.

(Tangu 2024 vipimo vya DESI, mradi wa kupima galaksi huko Arizona, Marekani, vimetoa dalili kwamba nishati ya giza huenda inapungua nguvu. Zikithibitika, mpaka niliokupa itabidi upimwe upya. Mwanao akitaka kazi ya maisha, hiyo ipo.)

Desemba mje wote wawili. Kaskazi itakuwa imeanza kuvuma, upepo uleule uliowaleta watu wa huko mliko mpaka hapa. Chagueni wiki isiyo na mwezi. Baada ya isha tutashuka pwani, yale majukwaa bado yamesimama majini. Nitamwonyesha Kilimia kwanza, upande wa mashariki, nuru yake iliyoondoka huko kabla Ngome ya Yesu haijajengwa Mombasa. Kisha tutageuka kaskazini, na macho yake yakishazoea giza ataona kiwingu kidogo kama pumzi kwenye kioo. Hiyo ni Andromeda. Asilete darubini, ya shule nitaiazima.

Nisalimie wote nyumbani.

Sahibu yako wa mtumbwini