Sheria ya China kuhusu wazazi si kichekesho

Kwako Mhariri,

Jumamosi iliyopita, ndani ya matatu ya Kayole, vijana wawili walicheka hadi machozi wakisimulia kwamba China ina sheria ya kuwataka watoto wawatembelee wazazi wao wazee. Mimi sikucheka. Sheria hiyo ilianza kutumika Julai 1, 2013, na mwezi huo huo mahakama mjini Wuxi ilimwamuru mwanamke mmoja amtembelee mamake, mwenye miaka 77, angalau mara moja kila miezi miwili.

Wageni huishangaa. Huuliza, mapenzi yataamriwaje na hakimu? Ni swali la haki. Lakini kwenye ploti yetu yupo nyanya mmoja ambaye mimi ndiye humchotea maji. Ana watoto watatu hapa hapa Nairobi, mmoja yuko Umoja, karibu kabisa! Pesa hutuma kwa simu, sikatai. Mlangoni sijawaona tangu Krismasi. Jioni huniita niketi naye tu, hata kama sina la kusema.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na serikali. Wabunge wetu watuambie: mzee aliyesahaulika ampelekee nani malalamiko yake?

Mama Wambui,
Kayole, Nairobi