Barua kuhusu aproni na kapulana

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi na pole kwa majukumu. Uliniuliza kwa nini nimeacha kutarizi maua na kuanza kuunganisha aproni kuukuu za Ujerumani Mashariki na kapulana, yaani vitenge vya Msumbiji, nami nimeona nikujibu kwa kirefu.

Mnamo Februari 1979 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba uliowapeleka maelfu ya vijana wa Msumbiji katika migodi na viwanda vya Ujerumani Mashariki, vikiwemo vya nguo, kwa ahadi ya ufundi na udugu wa kijamaa. Wavietnam, waliopelekwa huko kwa mkataba kama huo, walikuwa wengi zaidi, kwani mwaka 1989 walikaribia 60,000.

Aproni ninazotumia ni za Dederon, nailoni ya huko, zenye maua makubwa na vifungo mbele, ambazo wanawake walizivaa jikoni, dukani na kiwandani. Kitambaa hicho huteleza kikikutana na pamba, hata nalazimika kupiga bandi kwa mkono kabla ya kukipeleka kwenye cherehani, na bado mshono hujikunja. Mikunjo hiyo nimeiacha makusudi, kwa sababu watu wa pande hizo mbili walikutanishwa kazini lakini wakatengwa mabwenini, ambako kila mfanyakazi alitengewa mita 5 tu za mraba. Humo humo Wavietnam walishona suruali za jinzi baada ya zamu na kuwauzia Wajerumani waliozikosa madukani. Mwanamke aliyepata mimba, kwa miaka mingi, alitakiwa kuitoa au kurudishwa kwao. Kwa ajili yake nimeushona mdomo mfuko wa aproni moja, na hakuna sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi.

Kuhusu mishahara, ya Wamsumbiji ilikatwa, wakati fulani hadi asilimia 60, wakiambiwa kwamba wangelipwa nyumbani. Fedha hizo zilifidia deni la taifa lao, na waliorudi, wanaoitwa Madgermanes, wameandamana Maputo kwa miaka mingi wakipeperusha bendera ya Ujerumani Mashariki, nchi isiyokuwapo tena. Kwa hiyo katika kila mistari 10 ya mshono, 6 nimeiacha na bandi peke yake, nyuzi zikining'inia.

Wapo wanaonishauri nitumie vitambaa vyeusi ili huzuni ionekane. Sikubaliani nao kabisa. Vijana wale walicheza dansi, walipendana, walivaa wakapendeza, wakarudi kwao na pikipiki ndani ya makasha ya mbao. Kuwanyang'anya rangi zao ni kuwadhulumu mara ya pili.

Ukipata kapulana zilizokwisha kufuliwa mara nyingi, tafadhali nitumie, kwa maana mpya huimeza rangi ya Dederon, na upande wa kushoto wa kazi bado uko wazi.

Wako akupendaye.